Pambo Halikuwa Adui: Vyombo vya Kauri vya Uswidi, 1897 hadi 1937

Historia ya ufinyanzi wa viwandani nchini Uswidi husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni barabara moja iliyonyooka. Mwanzoni mwa barabara hiyo kuna vyombo vya maua vilivyosheheni majani, kereng'ende na wanawake wenye nywele zinazotiririka, vyote vikiwa vimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye uwezo. Katikati kuna mwaka 1917, ambapo wasanii vijana wanaingia viwandani wakiwa na nia ya kumpatia mfanyakazi sahani nzuri kwa bei anayoimudu. Mwisho wake kuna sahani nyeupe isiyo na chochote juu yake, na sahani hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ukomavu wenyewe. Sina ugomvi na tarehe za simulizi hiyo. Ninachokipinga ni jinsi inavyolifanya pambo kuwa jambo la utotoni, ambalo taifa lilipaswa kuachana nalo kadiri lilivyokua, na jinsi inavyowasahau watu waliokusudiwa kunufaika, ambao kila walipopewa nafasi ya kuchagua walichagua chombo chenye maua.

Tuanze pale mambo yalipoanzia. Viwanda viwili ndivyo vilivyotawala biashara hii. Rörstrand kilianzishwa Stockholm mwaka 1726, na Gustavsberg kilianzishwa mwaka 1825 katika kisiwa cha Värmdö, nje kidogo ya mji huo huo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, viwanda vyote viwili viliishi kwa kuiga, hasa mitindo ya Uingereza, ambako mashine, ujuzi na hata michoro ya kuchapa ilikuwa imetangulia. Mshtuko ulitoka kwa jirani. Kiwanda cha kifalme cha Copenhagen, chini ya Arnold Krog aliyekabidhiwa uongozi wa sanaa mwaka 1885, kilianza kuchora mandhari na wanyama wa Denmark kwa rangi zinazokaa chini ya glezi, yaani chini ya ule utando wa kioo unaoyeyuka juu ya chombo ndani ya tanuri, na mpangilio wa picha zake ulikuwa umejifunza mengi kutoka Japani. Waswidi waliona kwamba nchi ndogo ya kaskazini inaweza kuwa na sauti yake katika udongo, na kwamba ili kuipata sauti hiyo lazima msanii awemo kiwandani, karibu na tanuri, wala isitoshe kumwagiza mchoro kutoka mbali.

Mwaka 1895 Gustavsberg kilimpata Gunnar Gunnarson Wennerberg, na katika miaka hiyo hiyo Rörstrand kilimpata Alf Wallander. Wote wawili walikuwa wachoraji, wote wawili walikuwa wamekaa Paris. Matunda ya kwanza ya kazi yao yalionekana mbele ya umma katika Maonesho Makuu ya Sanaa na Viwanda yaliyofanyika Djurgården, Stockholm, mwaka 1897, wakati Mfalme Oscar wa Pili alipokuwa akiadhimisha miaka 25 ya utawala wake.

Wallander ni mtu wa kushangaza kidogo. Kabla ya kugusa kauri alikuwa mchoraji wa maisha ya watu wa chini, wazee na maskini, kazi za uhalisia usiopendezesha mambo. Alipofika Rörstrand aligeukia ulimwengu wa ndoto. Katika vyombo vyake maua hayakuchorwa juu ya uso wa chombo pekee, bali yalichongwa na kuinuliwa hata mdomo wa chombo ukawa petali, na shina likawa mkono wa kushikia. Samaki, kaa, kereng'ende na miili ya wanawake hujitokeza taratibu kutoka kwenye kauri kana kwamba bado havijamaliza kuumbwa. Rangi ni za ukungu: buluu iliyofifia, kijivu, kijani cha maji, waridi hafifu.

Ufifi huo wa rangi umeelezwa mara nyingi kuwa ni roho ya kaskazini, mwanga wa majira ya kiangazi, huzuni ya Uswidi na mengineyo ya aina hiyo. Mimi naona maelezo yaliyo karibu zaidi yako tanurini. Kauri ngumu huchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,300, na rangi nyingi zikiwekwa chini ya glezi huungua na kupotea kabla joto hilo halijafikiwa. Zinazovumilia ni chache: buluu ya kobalti, kijani cha kromu, na wenzake wachache wapole. Wallander na wachoraji waliofanya kazi pamoja naye hawakuwa na nyekundu kali wala njano ya kung'aa katika kisanduku chao, nao waligeuza uhaba huo kuwa mtindo. Hilo halipunguzi heshima yao hata kidogo. Linatuonyesha kwamba walikuwa wameielewa malighafi waliyokuwa wakiifanyia kazi, na hiyo ndiyo sifa ambayo wanamageuzi wa baadaye walipenda kudai kwamba wao ndio waliokuwa wa kwanza kuwa nayo.

Wennerberg alikwenda njia nyingine, na kwa maoni yangu njia yake ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa zaidi kwa nchi. Alikuwa mtoto wa mshairi na mtunzi wa muziki aliyebeba jina lile lile, mtu ambaye nyimbo zake zilijulikana kwa kila Mswidi aliyesoma, lakini kijana hakutafuta mambo makubwa. Alichukua maua ya porini ambayo mtoto yeyote wa shamba wa Uswidi angeyatambua: klova, maua meupe madogo ya umbo la kengele yanayochanua msituni mwezi Mei, na yale magugu marefu ya kando ya njia yenye vichwa mfano wa mwavuli. Kuyachagua hayo badala ya waridi wa bustani za kifalme kulikuwa ni uamuzi wenye maana. Ni miaka ile ile ambayo mwandishi Ellen Key alikuwa akihubiri kwamba uzuri ni haki ya kila nyumba, hoja aliyoikusanya mwaka 1899 katika kitabu chake kuhusu uzuri kwa wote, na ambayo mchoraji Carl Larsson alichapisha picha za nyumba yake ya kijijini yenye rangi za uchangamfu. Ua la njiani, likiwekwa kwenye chombo cha kiwanda kikubwa, lilikuwa ni sehemu ya mjadala huo.

Mbinu aliyoipa nguvu Gustavsberg inastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kuona ubora wa kazi yenyewe. Chombo kilifinyangwa kwa udongo wa rangi hafifu, kisha kikavikwa uji wa udongo wenye rangi, tabaka moja au zaidi, mara nyingi buluu au kijani. Kabla uji huo haujakauka kabisa, mchongaji alichora mistari ya ua kwa ncha ya chuma, kisha akaondoa kwa uangalifu sehemu zisizohitajika mpaka rangi ya chini ikaonekana. Baada ya hapo chombo kilichomwa, kikatiwa glezi na kurudishwa tanurini. Hakuna nafasi ya kusitasita katika kazi ya namna hii. Ukikata kina kupita kiasi umeharibu mwili wa chombo, na ukichelewa udongo unakauka na kumeguka. Matokeo yake ni mchoro ulio bapa, wenye kingo safi, usiojaribu kumdanganya mtazamaji kwamba kuna ua halisi mbele yake. Majani yanafuata mviringo wa chombo na nafasi tupu inaachwa ipumue. Anayesema kwamba usasa wa Uswidi ulianza pale pambo lilipoondolewa angefanya vyema akae na chombo kimoja cha Wennerberg cha mwaka 1900 kwa muda wa kutosha.

Tena, kazi hii ililea watu. Wennerberg aliondoka Gustavsberg mwaka 1908, lakini msaidizi na mwanafunzi wake, Josef Ekberg, alibaki. Ekberg alizaliwa mwaka 1877, akaingia kiwandani tangu karne ya 19, na akaendelea na kazi hapo hadi alipofariki mwaka 1945. Aliendeleza mbinu ya kukata tabaka za udongo, akaongeza glezi zenye mng'ao wa metali, na kwa karibu miaka tisa kati ya kuondoka kwa mwalimu wake na kuja kwa msanii mkuu aliyefuata, yeye ndiye aliyebeba sanaa ya kiwanda hicho. Jina lake pamoja na mwaka hupatikana chini ya vyombo vingi. Majina ya wachoraji na wachongaji wengine, wengi wao wanawake waliokaa kwenye meza ndefu wakirudia mchoro ule ule siku nzima, kwa kawaida hayapo. Naona ni kasoro ya uandishi wa historia hii kwamba mtu aliyechora karatasi hupewa sura nzima ya kitabu, na mkono uliokata udongo, ambao ndio tunaouona tukikitazama chombo, haupewi hata sentensi.

Mwaka 1914 ulikata mambo kwa ghafla. Wallander na Wennerberg wote walifariki mwaka huo. Maonesho ya Baltiki yaliyokuwa yakifanyika Malmö yalivurugwa na kuanza kwa vita, lakini kabla ya hapo yalikuwa yamewapa wakosoaji nafasi ya kulinganisha bidhaa za Uswidi na zile za Ujerumani, ambako jumuiya ya Werkbund ilikuwa imewaunganisha wasanii na viwanda tangu mwaka 1907. Ulinganisho haukuwafurahisha. Chama cha Uswidi cha ufundi na usanifu, Svenska Slöjdföreningen, kilichokuwa na umri wa karibu miaka 70, kilianzisha ofisi ya kuwatafutia wasanii kazi viwandani, ambayo baadaye iliongozwa na mbunifu wa vitambaa Elsa Gullberg. Kwa njia hiyo Wilhelm Kåge, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akijulikana kwa kuchora mabango, alijikuta Gustavsberg mwaka 1917 bila kuwa mfinyanzi, na Edward Hald, aliyesomea uchoraji kwa mchoraji Mfaransa Henri Matisse, akajikuta akifanya kazi na Rörstrand na wakati huo huo na kiwanda cha vioo cha Orrefors.

Mwaka 1917 haukuwa mwaka wa kawaida. Uswidi haikuwa vitani, lakini chakula kilikuwa haba, na majira ya kuchipua yalishuhudia maandamano ya njaa katika miji mingi. Nyumba hazikutosha, na familia za wafanyakazi ziliishi katika chumba kimoja na jiko. Katika hali hiyo Svenska Slöjdföreningen kilifungua Maonesho ya Nyumba katika jumba la sanaa la Liljevalchs, Stockholm, kikionyesha vyumba vidogo vilivyopangwa kamili, samani na vyombo vikiwemo, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Msanifu majengo Gunnar Asplund alitengeneza chumba cha jiko ambacho kinakumbukwa hadi leo. Hald alileta seti ya Rörstrand iliyoitwa Turbin. Edgar Böckman alileta vyombo vya kiwanda cha Höganäs, vizito, vya kijijini, vyenye staha. Kåge alileta Liljeblå, seti ya vyombo vya mezani ambayo watu waliibandika jina la seti ya mfanyakazi.

Liljeblå ni kazi nzuri na ya dhati. Maumbo yake ni ya mviringo, manene kidogo, yenye mishikio inayoshikika, na juu yake kuna maua ya buluu yaliyochorwa kwa mtindo unaokumbusha vyombo vya zamani vya wakulima, kisha kuhamishiwa kwenye vyombo kwa njia ya uchapaji ili bei ishuke. Angalia jambo hili: hata katika chombo kilichotangazwa kuwa mwanzo wa zama mpya, Kåge hakuthubutu kumpa mfanyakazi sahani tupu. Alimpa maua, tena ya buluu ya kobalti, madini ambayo utambulisho wake kama elementi ulitokana na Mswidi, Georg Brandt, katika miaka ya 1730. Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, mwanahistoria wa sanaa Gregor Paulsson alitoa kijitabu chake kilichodai bidhaa za kila siku zilizo nzuri zaidi, na mwaka uliofuata akashika uongozi wa chama. Liljeblå ikawa ushahidi wake mkuu.

Tatizo ni kwamba wafanyakazi hawakuinunua kama ilivyotarajiwa. Ilipendwa na walimu, wasanifu na watu wa tabaka la kati waliokuwa na elimu, ambao waliona katika mtindo wake wa kijijini alama ya uadilifu. Mfanyakazi aliyekuwa na akiba kidogo aliendelea kupendelea seti yenye ukingo wa dhahabu na maua ya rangi mbalimbali. Wanamageuzi walilieleza jambo hilo kuwa ni upungufu wa elimu ya uzuri, ambao ungetibiwa kwa mihadhara na maonesho zaidi.

Hapa ndipo ninapoachana nao kabisa. Uchaguzi wa mfanyakazi ulikuwa na hoja ndani yake. Familia iliyobanwa katika chumba na jiko bado ilijitahidi kutenga pembe au chumba cha wageni, kitu ambacho wanamageuzi walikilaani kama upotevu wa nafasi, na vyombo bora vilikuwa vya siku ya mgeni, ya sikukuu, ya ubatizo, ya kahawa ya Jumapili. Msomaji ambaye nyumbani kwao kuna vyombo vya wageni vinavyofungiwa kabatini hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa mtu wa namna hiyo sahani yenye dhahabu haikuwa kujifanya tajiri. Ilikuwa ni namna ya kumheshimu mgeni na kuitenga siku hiyo na siku za kazi. Kumpa vyombo vinavyofanana na vile ambavyo babu yake mkulima alivitumia, na kumwambia kwamba hivyo ndivyo vinavyomfaa, kulikuwa ni kumrudisha mahali ambapo alikuwa ametoka kwa jasho lake.

Miaka ya 1920 ilileta utulivu wa kupendeza. Rörstrand kiliondoka Stockholm mwaka 1926, kikahamishia kazi Göteborg na baadaye Lidköping. Huko Gävle, kiwanda cha Gefle kilimpata Arthur Percy mwaka 1923, mwanafunzi mwingine wa Matisse, ambaye mabakuli yake ya supu yenye mifuniko na matunda ya kufinyangwa juu yake yana furaha isiyoomba radhi. Katika maonesho ya Paris ya mwaka 1925 Uswidi ilisifiwa sana kwa kioo, kauri na ufundi wa chuma, na baadaye mwandishi Mwingereza Philip Morton Shand akauita mtindo huo neema ya Kiswidi. Ni pambo lililopunguzwa uzito, lenye mistari ya kale ya Ugiriki na Roma, lakini ni pambo.

Kisha yakaja Maonesho ya Stockholm ya mwaka 1930, ambayo Asplund alikuwa msanifu wake mkuu na Paulsson kamishna wake, na ambayo hutajwa kuwa siku ya mazishi ya urembo wote. Katika maonesho hayo hayo, Kåge alizindua Argenta. Hivi ni vyombo vya udongo mgumu vyenye glezi ya kijani iliyokoza, mfano wa shaba iliyozeeka, ambavyo juu yake samaki, nguva, wanawake na maua vimechorwa kwa madini ya fedha. Vilikuwa ghali, na viliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1933, mtu huyo huyo alitoa Praktika: mabakuli yanayoingiana ili yasichukue nafasi kabatini, sahani zinazoweza kuwa mifuniko, kila kipande kikiuzwa peke yake ili mwenye pesa kidogo asilazimike kununua seti nzima. Kwa fikra, Praktika ni kazi ya kipaji kikubwa, na kuuza kipande kimoja kimoja ndiyo huruma ya kweli kwa maskini kuliko hotuba zozote. Sokoni ilishindwa. Vyombo vingine vya Kåge vya kupikia na kuandalia, vilivyoitwa Pyro, vyenye rangi ya malai na mapambo machache ya kahawia yaliyopigwa kwa brashi, ndivyo vilivyoingia nyumbani na kudumu.

Wapo wanaoisoma tofauti kati ya Argenta na Praktika kama unafiki, au kama mgawanyo wa mtu mmoja kati ya matajiri na maskini. Sioni hivyo. Kåge alijua kwamba jicho lina njaa yake, na kwamba swali gumu lilikuwa la bei. Pambo la Argenta lilikuwa ghali kwa sababu ya fedha na kazi ya mkono, na pambo la Wennerberg lilikuwa ghali kwa sababu ya saa za mchongaji. Lakini ua lililochapwa huongeza gharama ndogo tu kwenye sahani inayotengenezwa kwa maelfu, na ukingo wa dhahabu ulikuwa tayari umeshuka bei hata ukafika kwa fundi wa kiwandani. Hoja ya kwamba haki ya kijamii inahitaji sahani tupu haikutoka katika daftari la gharama. Ilitoka katika maadili ya watu waliokuwa na vya kutosha kiasi cha kuona fahari katika kujinyima, na waliofikiri kwamba fahari hiyo ni ya kila mtu. Carl Malmsten, mbunifu wa samani aliyepambana na wanausasa katika mjadala mkali uliofuata maonesho ya 1930, aliligusa jambo hili, ingawa utetezi wake wa mila ulimfanya aonekane mtu wa jana kuliko alivyostahili.

Mwaka 1937 Gustavsberg kilinunuliwa na Kooperativa Förbundet, muungano wa vyama vya ushirika vya walaji, ambao maduka yake yalikuwa yameenea nchi nzima. Kwa mara ya kwanza mwenye kiwanda na mnunuzi wa kawaida walikuwa upande mmoja wa meza, na ushirika ungeweza kulazimisha usahili kama ungetaka. Mwaka huo huo alifika kijana aliyeitwa Stig Lindberg kufanya kazi chini ya Kåge, ambaye mwaka 1949 angemwachia nafasi ya kuongoza sanaa ya kiwanda. Seti za Lindberg zilizokuja kuwa mali ya kila nyumba zina mistari, na majani, na maua. Berså, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, ni majani ya kijani yaliyopangwa kwa safu kwenye kauri nyeupe, bapa, yenye kingo safi, yakifuata mviringo wa kikombe, kwa kanuni ile ile ambayo Wennerberg na Ekberg walikuwa wameifuata katika kiwanda hicho hicho miaka 60 kabla yake. Tofauti iliyokuwepo ni kwamba sasa yalichapwa, yakauzwa kwa bei ya duka la ushirika, na wafanyakazi waliyanunua.